Isoko Si Soko

Wanangu mnaotafuta kazi za mazingira, kabla hamjajifunza kuandika andiko la kuomba ruzuku, jifunzeni kwanza kusikia. Mimi kuandika nilijua mapema, kusikia nikachelewa, na leo nimestaafu nina vyeti ukutani na sina hata dumu moja la maji la kuwaonyesha kwamba nilifanya kazi. Mnaponipita hapa Kasulu mjini mnaniita Mama Mazingira. Nalipenda jina hilo, ila mjue kwamba nilipewa kwa kuchekwa.

Nimezaliwa Pangani, pale mto unapoingia baharini. Bibi yangu alijua saa ya kuchota maji matamu na saa ambayo bahari imepanda na mto umeshaingia chumvi. Pale panaitwa mlango wa mto, na niliposoma chuo nikadhani maisha yangu yote nitayamalizia milangoni, nikihesabu kaa na kupima chumvi. Serikali kwa hekima zake ikanipanga Kibondo, nchi ya vilima na udongo mwekundu, ambako mito haina habari na bahari, na asubuhi ya kiangazi unavaa sweta mbili.

Somo langu la kwanza lilitoka Busunzu. Niliingia kwenye ua wa mzee mmoja nina ubao wa kuandikia kifuani, nikamuuliza kijito kile pale chini kinatumiwa na kaya ngapi. Yule mzee akaanza kupiga makofi taratibu, "Mwakeye, mwakeye," akaendelea, hata nikadhani ananifukuza. Alikuwa ananisalimia, na salamu ya Muha si ya kukimbia nayo. Nilipoweka ubao chini nikapiga makofi na mimi, tukaulizana habari za watoto, za mihogo, za mvua na za mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Kabanga, ndipo akanionyesha kijito chenyewe na watu wake wote bila kuulizwa. Hilo halimo katika vitabu vyenu, kwa hiyo liandikeni.

Nilipohamishiwa Kasulu nikatumwa kijiji kimoja upande wa Nyakitonto. Kwenye mkutano akasimama mama mmoja mrefu, kitenge kimefungwa imara, sauti ya chini. Aliitwa Mama Generoza. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, yeye mwenyewe ni raia wa hapa, analima maharage na kuuza ndizi. Akasema maneno matatu tu kwa Kiha: "Isoko yachu irakama."

Mimi mtu wa pwani niliyajua yote matatu, au nilidhani nayajua. Isoko ni soko. Yachu ni letu. Na kukama, kila mtu anajua, ni kumkama ng'ombe. Soko letu linakamwa. Nikatikisa kichwa kwa huzuni, maana malalamiko ya ushuru nilikuwa nimeyasikia mpaka Muyama. Juma lililofuata nikarudi na mtoza ushuru mwenyewe, na stakabadhi zake, ili awaeleze wananchi uso kwa uso kwa nini wanakamuliwa.

Watu walimtazama mtoza ushuru, wakanitazama mimi. Kisha mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, wakafuata wote. Mama Generoza peke yake hakucheka. Akanishika mkono kama unavyomshika mgeni aliyepotea, akatuteremsha bondeni mimi na mtoza ushuru wangu. Chini ya mikuyu mitano mikubwa, katikati ya mawe, maji yalikuwa yanachomoza. "Isoko ni hii," akasema. "Mahali maji yanapozaliwa. Na kukama ni kukauka, mama, si kukamua." Maneno mawili yanaandikwa sawasawa, soko na chemchemi, tofauti iko kwenye kupandisha sauti tu, na sikio langu lilikuwa bado la Pangani. Mtoza ushuru alikunywa maji kwa kiganja, akasema ni ya baridi, akaomba turudi mjini.

Basi hiyo ndiyo isoko ninayotaka kuwaeleza. Kijito chake kilishuka kikachangia Mto Malagarasi, na kijiji kizima kilichota pale. Mama Generoza alikuwa amerithi kazi ya kuilinda kutoka kwa mama mkwe wake, bila cheo wala mhuri. Masharti yake yalikuwa machache: sufuria yenye masizi haitumbukizwi, sabuni haifunguliwi, panga halipandi juu kwenye mikuyu. Ukivunja, hakukupeleka popote. Alikuja kwako asubuhi, akakaa mlangoni pako juu ya kigoda chake, akanyamaza. Majirani wakipita wanamwona. Hukuweza kupika, hukuweza kwenda shamba, mpaka utoke uombe radhi. Nimeona sheria ndogo nyingi katika kazi yangu na sijaona iliyokuwa na nguvu kama kile kigoda.

Lakini pamoja na kigoda, maji yalikuwa yanapungua. Mawe ambayo zamani yalikuwa ndani ya maji yalianza kuonekana kila kiangazi. Alichokuwa anaomba Mama Generoza kilikuwa kidogo: uzio wa kuzuia ng'ombe, miche ya kienyeji ya kupanda juu ya chemchemi, na mtu wa ofisi aje awaambie wenye mashamba ya juu waache kulima mpaka kwenye ukingo. Nikamwahidi nitatafuta pesa. Huo ulikuwa mwanzo wa shida, maana nilizitafuta, nikazipata.

Ruzuku ya serikali, wanangu, haina macho. Ina masikio tu, na inasikia neno lake mwenyewe. Mwaka ule neno lake lilikuwa "mlango wa mto." Tangazo lilisema kuna ruzuku za utafiti wa milango ya mito na elimu ya mazingira kwa wananchi wanaoizunguka. Kwa vyanzo vya maji hapakuwa na kitu. Nikalipeleka tangazo kwa Bwana Mipango wa ofisi yetu, kijana mwenye kalamu kali aliyetoka mkoa mwingine kama mimi, nikamwambia kwa masikitiko kwamba safari hii si yetu.

"Kwani mlango ni nini?" akaniuliza.

"Ni pale mto unapoingia baharini au ziwani. Wetu uko kule Tanganyika, si huku milimani."

"Mlango ni mahali pa kuingilia na kutokea. Huo mto wako unatokea wapi?"

"Kwenye chanzo."

"Basi huo ni mlango wa kutokea. Andika."

Nikamwambia mimi nimezaliwa kwenye mlango wa mto, siwezi kudanganywa nini ni mlango. Akacheka, hakuwa mtu mbaya. "Mama, wewe unajua mto. Mimi najua ruzuku." Akaandika yeye. Na kweli alizijua, maana miezi ilipopita likaja jibu la kukubaliwa, na ofisi nzima ikanywa soda.

Kilichofuata nakisimulia huku nacheka, lakini msidhani nina furaha. Kwanza kilikuja kipimo cha chumvi, kwenye sanduku zuri lenye sponji. Halafu yakaja mabango ya kufundishia: mikoko, kaa, kamba, ndege wa matope ya pwani. Nilipoyafungua nilikaa chini nikalia kidogo, kwa kuwa ilikuwa Pangani yangu tupu, imenifuata mpaka Kasulu. Tukayabandika katika shule za msingi. Mwalimu mmoja akawaambia watoto wachore mikoko. Ninyi vijana mnajua wenyewe, kwa lugha ya redioni mkoko ni gari. Nusu ya darasa wakachora magari, mengine yana namba za usajili. Nusu nyingine wakachora kaa, na kwa kuwa hawakuwahi kumwona, mmoja akampa pembe. Picha hiyo ya kaa mwenye pembe ilishinda, ikapelekwa juu kama ushahidi kwamba elimu imefika.

Nilijaribu kuwafundisha ukweli, Mungu anajua. Niliwaambia maji ya isoko yenu yanaingia Malagarasi, Malagarasi inaingia Ziwa Tanganyika, ziwa linatokea kwa Mto Lukuga, ule unakwenda Kongo, na Kongo inamwaga maji kwenye bahari ya magharibi, upande mwingine kabisa wa Afrika. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa ile chumvi mnayokuja kuipima pale bondeni ni ya bahari ipi?" Nikasema nitajibu kipindi kijacho.

Na pale bondeni palikuwa pamewekwa bango la chuma, limesimikwa kwa zege katikati ya mikuyu: ENEO LA UTAFITI, MLANGO WA MTO. Siku ya kulisimika watu walikuja kutazama. Mama Generoza alilisoma taratibu, kisha akaniuliza, "Mlango huu, ufunguo anao nani?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikasema, "Serikali."

"Ehe," akasema. Kile kicheko kilimpita.

Masharti ya ruzuku yalikuwa wazi. Pesa za utafiti ni za utafiti, za elimu ni za elimu. Uzio si utafiti. Miche si elimu, labda kama ni ya mikoko. Kwa hiyo tulipima. Kila mwezi kijana wa utafiti alikuja na ndoo na saa, akaangalia ndoo inajaa kwa muda gani, akatumbukiza kipimo cha chumvi, akaandika: chumvi, hakuna. Nikimfundisha namna ya kupima chemchemi alikuwa msikivu. Niwape na ninyi: usipime baada ya mvua, subiri maji ya juu yaishe kukimbia; tumia ndoo ileile na mtu yuleyule, maana kila mtu ana haraka yake; na chemchemi ipe nafasi itulie kama kuna aliyechota kabla yako. Vipimo vyetu vilikuwa safi sana. Vilionyesha kwa usahihi kabisa kwamba maji yanakufa.

"Mwanangu akiwa na homa," Mama Generoza aliniambia siku moja, amesimama na ndoo akisubiri tumalize, "namgusa paji mara moja, kisha natafuta dawa. Ninyi mnamgusa tu."

Sasa palikuwa na Zabroni, mchoma tofali. Zabroni si shetani, ana watoto sita na mgongo mbovu. Kijiji kilikuwa kimeamua kujenga soko la kudumu, vibanda vya tofali za kuchoma badala ya lile gulio la kutandika maturubai chini, na Zabroni akapata kazi hiyo. Tofali zinataka maji na zinataka kuni. Asubuhi moja akashuka bondeni na watu wake akaangusha mkuyu wa kwanza.

Mama Generoza akachukua kigoda chake, akaenda akakaa mlangoni kwa Zabroni. Alinisimulia mwenyewe. Anasema Zabroni alitoka na kikombe cha chai, akampa kwa mikono miwili kwa heshima zote, akamwambia, "Mama, ile siyo yako tena, siyo yetu. Ile ni ya mradi. Bango liko pale. Kanishitaki kwenye mradi." Majirani walipita, wakamwona amekaa, wakaendelea na safari zao. Hakuna aliyesimama. Akanywa chai yake, akabeba kigoda akarudi nyumbani. Hakukaa tena mlangoni kwa mtu.

Hapo ndipo isoko ilipokufa, wanangu. Maji yalichukua muda kuisha, lakini pale ndipo ilipokufa. Kwa vizazi ilikuwa na mwenyewe, tukaiwekea bango, ikakosa mwenyewe.

Mama Generoza alikuja ofisini Kasulu, safari yake ya kwanza ofisini kwetu, amevaa viatu vya kanisani. Nikampeleka kwa Bwana Mipango, nikasema kwa ukali kwamba mikuyu inaangushwa na sisi ndio wenye bango. Bwana Mipango akafikiri kweli, sikatai. Akasema kuzuia ukataji hakumo katika kazi tulizoombea. Lakini kuna nafasi: tunaweza kupima maji kabla ya kila mti kukatwa na baada ya kukatwa. "Hiyo ni data nzuri sana," akasema.

Mama Generoza akanigeukia. "Data ni nini?"

"Ni habari, mama. Habari za kitu."

"Habari za msiba?"

Nikaandika kwenda juu kuomba angalau sehemu ya pesa za mabango igeuzwe iwe uzio. Jibu lilikuja kwa lugha ya upole: ombi ni zuri, lisubiri awamu ijayo. Awamu ijayo ilipokuja, neno lilikuwa limebadilika, sasa ni "tabianchi," na milango ya mito haikuwemo, wala ya kuingilia wala ya kutokea. Bwana Mipango alihamishwa wilaya nyingine. Naambiwa anaandika vizuri sana kuhusu tabianchi.

Tulifunga mradi kwa sherehe. Pilau lilipikwa kwa maji yaliyoletwa kwa pikipiki, na mimi peke yangu, naona, ndiye niliyeshindwa kulila. Zikagawiwa fulana zenye picha ya kaa, yule mwenye pembe, na maandishi TUTUNZE MLANGO WETU. Hotuba zikasomwa. Kipimo cha chumvi kilirudishwa kwenye sanduku lake, hakikuwahi kukutana na chumvi.

Mtaniuliza, sasa Mama Mazingira, tusiombe ruzuku? Ombeni. Hamna njia nyingine, na mimi sina ujasiri wa kuwadanganya kwamba ipo. Nimeomba ruzuku maisha yangu yote na nilizopata zilifanana na hiyo kuliko ninavyotaka kukumbuka. Vijana mnaniambia fursa, fursa. Sawa. Ila mkifika mahali mkakuta mtu na kigoda chake, msimike bango lenu mbali naye. Ikiwezekana msilisimike kabisa. Kama sharti la pesa ni bango, ulizeni kwanza ufunguo atabaki nao nani, na jibu likiwa ni la kuchekesha, rudini nyumbani. Hili nalisema bila matumaini makubwa, kwa sababu najua mtakuwa na bosi, na bosi atakuwa na bosi, na kiangazi kitakuwa kinakaribia.

Kiangazi kilichopita nilikwenda kule. Hakuna aliyenituma, nilipanda bodaboda kwa pesa yangu ya uzeeni. Pale penye mikuyu pana mihogo. Bango bado limesimama, kutu imekula maneno ila MLANGO unasomeka. Nilitafuta mawe yale nikayakuta makavu, na katikati yake mtu alikuwa ametupa pakiti za sabuni.

Nikapanda mpaka barabarani, kwenye vibanda vipya vya tofali. Tofali zimechomwa vizuri, Zabroni anajua kazi. Akapita binti mmoja amevaa ile fulana ya kaa, imefubaa, imepunguzwa mikono. Nikampigia makofi, tukasalimiana kama inavyopasa, kisha nikamuuliza kwa Kiha changu cha kuokoteza, na safari hii nilipandisha sauti mahali pake sawasawa, kama nilivyofundishwa: isoko iko wapi?

Hakusita hata kidogo. Akanyoosha mkono kwenye vibanda. "Si hapo tu, mama. Na leo ni siku ya gulio."

Nyuma yake, kwenye kivuli cha kibanda, alikuwa amekaa Mama Generoza juu ya kigoda chake, kilekile. Mbele yake madumu mawili ya maji ya kununua, anasubiri mjukuu aje ambebee. Amezeeka. Alikuwa amesikia swali na jibu, na hakumsahihisha yule binti. Nikamwendea, tukapigiana makofi taratibu, tukaulizana kila kitu isipokuwa kile.

Mwishowe akasogeza dumu moja nipate pa kukaa. "Unakumbuka ulivyotuletea mtoza ushuru?" akasema. "Tukakucheka."

"Nakumbuka, mama. Nilikosea neno."

Akaangalia vibanda, akaangalia maji yake.

"Hukukosea, Mama Mazingira. Uliwahi tu."